Seli shina kwa mguu wa mwenye sukari usiopata damu vizuri: pa kuanzia, cha kuuliza na wa kuwakimbia

Kama unasoma hii huenda una sukari au unamuuguza mwenye sukari, mguu unauma usiku, kidonda hakifungi, na daktari ameshaanza kutaja kukata. Alafu mtu amekutumia video ya kliniki inayosema wanachoma sindano ya seli shina (stem cells, yaani seli changa za mwili zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) na mguu unapona bila kisu. Nitakupitisha hatua kwa hatua namna ya kuishughulikia hii ishu na msimamo wangu nauweka wazi mapema: hii ni sayansi halali, watu wanaifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 20, lakini bado haijathibitika kuokoa miguu kwa uhakika, kwahiyo nafasi yake ni baada ya njia zote za kufungua mishipa kushindikana, tena ndani ya utafiti unaosimamiwa. Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaoikimbilia hawajafanyiwa hata yale ya mwanzo ambayo yangeuokoa huo mguu.

Kabla ya yote, je una muda wa kusoma?

Mguu ukiwa wa baridi ghafla, umepauka, umekufa ganzi au vidole havisogei, hiyo ateri imeziba sasa hivi na unahesabu masaa, nenda hospitali yenye upasuaji wa mishipa ya damu leo leo. Hivyo hivyo kama kidonda kinanuka, kinatoa usaha, wekundu unapanda juu, una homa au sukari imepanda bila sababu. Maambukizi kwenye mguu wa mwenye sukari yanakimbia sana, na hakuna mtafiti makini atakayekuchoma seli mguu ukiwa na usaha, kwanza usafishwe na upewe antibayotiki. Ukishatulia ndo uje uendelee kusoma.

Hakikisha tatizo ni damu kweli

Sukari inaharibu vitu viwili mguuni, neva na mishipa ya damu, na mara nyingi vyote kwa pamoja. Neva zikifa mguu unakuwa na ganzi, unachoma kama pilipili, unakanyaga msumari usijue. Mishipa ikiziba kidonda hakipati damu ya kujiponya. Shida ni kwamba neva zilizokufa zinaficha maumivu ya mguu unaokosa damu, kwahiyo mtu anafika na kidole cheusi na hajawahi kulalamika kuumwa hata siku moja. Usikubali kuambiwa "ni neva tu" kabla damu haijapimwa.

Kipimo kinachoanza kwa kawaida kinaitwa ABI, wanalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Chini ya 0.9 mishipa imeziba kwa kiasi fulani, chini ya 0.4 hali ni mbaya. Sasa hapa sikiliza vizuri: kwa mwenye sukari ya muda mrefu kuta za ateri zinaingia chokaa na kuwa ngumu, ule mkanda wa presha unashindwa kuzibana, na namba inatoka nzuri ya uongo, 1.1 au hata juu ya 1.4, huku mguu unakufa. Ndo maana inabidi uombe presha ya kidole gumba cha mguu, kwasababu mishipa midogo ya kidole haiingii sana chokaa. Presha ya kidole ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki kidonda kina nafasi ndogo sana ya kupona bila kufungua mshipa. Kuna pia kipimo cha oksijeni kwenye ngozi, wanabandika kidude kidogo cha joto mguuni, nacho kikisoma chini ya 30 maana yake ni hiyo hiyo. Andika hizi namba na tarehe zake kwenye daftari moja, utazihitaji mpaka mwisho wa safari hii, bila namba za mwanzo hutajua kama tiba yoyote imefanya kazi.

Nani amesema hakuna la kufanya?

Hili swali lina uzito kuliko mengine yote. Tafiti nyingi za seli shina ziliwalenga wagonjwa ambao mishipa yao haiwezi kuzibuliwa kwa puto (kipira kidogo kinachopulizwa ndani ya mshipa kuupanua) wala kwa baipasi (upasuaji wa kuipa damu njia ya pembeni). Lakini hilo neno "haiwezekani" linategemea sana nani kakuangalia. Sukari inapenda kuziba ateri za chini ya goti, ni nyembamba na zina chokaa, na siyo kila daktari anayezibua mishipa ya paja anaweza hizo za chini. Kwahiyo kama umeambiwa haiwezekani, uliza umepigwa picha gani. Dopla, ile ultrasaundi ya kuangalia damu inavyopita, peke yake haitoshi kutoa hukumu ya namna hiyo, inatakiwa picha ya mishipa yenye dawa ya kung'arisha inayoonesha mpaka ateri za kwenye unyayo. Figo zikiwa dhaifu ile dawa inatumiwa kwa tahadhari, ila figo dhaifu isiwe sababu ya kuufunga mjadala, kuna sehemu wanatumia gesi ya kaboni dayoksaidi badala ya dawa. Chukua nakala ya picha, mpelekee daktari wa pili wa mishipa ya damu anayezibua mishipa ya chini ya goti kila wiki.

Na madaktari wenyewe hawakubaliani kuhusu nini kianze. Utafiti mkubwa wa BEST-CLI uliotoka 2022, wa watu 1,830, ulionesha kwamba mtu mwenye mshipa mzuri wa pajani wa kutumia kama baipasi alifanya vizuri zaidi kwa upasuaji kuliko kwa puto. Mwaka uliofuata ukatoka wa Uingereza, BASIL-2, uliowalenga wenye shida ya chini ya goti, nao ukaelekea upande wa puto. Nakutajia hivi ili ujue kwamba jibu la daktari mmoja siyo neno la mwisho, ukiambiwa puto imeshindikana uliza baipasi, ukiambiwa baipasi haifai uliza puto, na omba wakupime mshipa wa pajani kwa ultrasaundi.

Wakati hayo yanaendelea dawa za kawaida zisisimame: statini ya kushusha mafuta kwenye damu, aspirini au klopidogreli ya kuzuia damu isigande, presha kukaa sawa, sukari kushuka bila kuporomoka. Sigara iache leo, hakuna seli itakayoshindana na sigara. Kidonda kipunguziwe uzito kwa kiatu maalum au namna nyingine watakayochagua kulingana na damu inavyofika. Usiuloweke mguu, usiupashe moto kwa maji au chupa maana hausikii unavyoungua, na kidole kilichokauka kikawa cheusi usikibandue mwenyewe, kama ni kikavu na hakina usaha kinaachwa kikavu mpaka damu ishughulikiwe.

Hizi seli zinafanya nini hasa

Watu wengi wanadhani seli zikichomwa zinageuka kuwa ateri mpya. Hapana. Ateri iliyoziba inabaki imeziba vile vile. Chukulia barabara kuu imefungwa, zile seli zinachofanya ni kuchochea vichochoro vya pembeni vipanuke na vingine vipya vichipuke ili damu ipite hukohuko. Zinafanya hivyo kwa kumwaga kemikali za kuamsha ukuaji wa mishipa na kutuliza uvimbe, na nyingi zinakufa ndani ya muda mfupi. Wazo lenyewe lilipata nguvu 1997 pale mtafiti Asahara na wenzake walipoonesha kwamba kwenye damu ya mtu mzima kuna seli zinazoweza kusaidia kujenga mishipa, alafu 2002 watafiti wa Japani wakachoma seli za uboho kwenye misuli ya mashavu ya miguu (nyuma, chini ya goti) ya wagonjwa na wakaripoti maumivu yamepungua na oksijeni imepanda.

Hapo ndo dunia ikachangamka, na ndo chanzo cha matangazo yote unayoyaona. Kilichofuata matangazo hayakitaji. Uholanzi walifanya utafiti wa JUVENTAS, majibu yalitoka 2015, watu 160, nusu wakapewa seli zao za uboho kupitia ateri ya paja mara tatu na nusu wakapewa plasibo, yaani tiba ya kuigiza isiyo na seli. Baada ya miezi sita waliokatwa mguu walikuwa asilimia 19 kwenye seli na 13 kwenye plasibo, tofauti ambayo kitakwimu haina maana, yaani seli hazikusaidia. Seli za kondo la nyuma nazo zilijaribiwa kwenye utafiti wa hatua ya tatu wenye watu zaidi ya 200, ukasitishwa 2020 kwasababu ilionekana hautafika popote. Na 2017 watafiti walipojumlisha tafiti 19 zenye watu 837 ilionekana seli zinapunguza kukatwa, ila walipobakiza zile tu zenye plasibo faida kwenye kukatwa haikuthibitika tena. Elewa maana yake: mtu akiingia kwenye utafiti anasafishwa kidonda vizuri, anafuatiliwa kwa karibu, anakunywa dawa zake zote, na hayo peke yake yanaponya vidonda. Ndo maana shuhuda za mitandaoni hata ziwe za kweli kabisa hazikwambii kama ni seli zilizoponya.

Upande wenye matumaini upo, siuminyi. China mwaka 2011 waliwachukua wenye sukari 41 wenye miguu yote miwili mibaya na wakalinganisha aina mbili za seli za uboho, zile zilizooteshwa maabara zikafunga vidonda haraka kuliko zile za kuchuja tu, japo kwenye kukatwa hapakuwa na tofauti. India mamlaka ya dawa iliruhusu 2020 bidhaa ya seli za uboho za watu wa kujitolea kwa miguu yenye shida kubwa ya damu. Marekani hakuna bidhaa ya seli shina iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu. Na mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa mishipa wa 2019 unasema tiba za kuotesha mishipa zitolewe tu kwa walio ndani ya utafiti uliosajiliwa. Kwangu mimi hilo ndo jibu mpaka leo.

Kuna jambo la mwenye sukari mwenyewe ambalo kliniki hazipendi kulisema. Sukari ikikaa juu miaka mingi inauharibu na uboho, seli zinakuwa chache, zinatoka kwa shida na zinafanya kazi kivivu. Kwahiyo seli zako mwenyewe siyo lazima ziwe nzuri sana, hii ni sababu mojawapo watafiti wakageukia seli za watu wazima wenye afya na za kondo au kitovu. Uliza utapewa zipi na kwanini.

Siku ya tiba inavyokuwa

Kama ni uboho unalazwa kifudifudi, unapewa dawa ya usingizi au ganzi, wanavuta uboho kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, mililita mia kadhaa kwa baadhi ya mbinu, unapelekwa maabara kuzungushwa na kutenganishwa, na siku hiyo hiyo unarudishiwa kwa sindano nyingi ndogo kwenye misuli ya shavu la mguu, kwenye ule utafiti wa Japani zilikuwa kama 40. Nyonga inauma siku kadhaa. Njia nyingine ni kuchomwa sindano za kuamsha uboho siku nne au tano, alafu unaunganishwa na mashine inayochuja seli kwenye damu masaa kadhaa. Hizo sindano zinaleta maumivu ya mifupa na zinapandisha chembe nyeupe, na mtu ambaye mishipa yake tayari imeziba anatakiwa aangaliwe kwa makini damu isigande. Seli za kuoteshwa zinachukua wiki kadhaa maabara, kwahiyo anayekuahidi kuotesha na kukuchoma siku hiyo hiyo anakudanganya moja kwa moja.

Kabla ya hapo lazima uchunguzwe kama unafaa. Ukiwa na saratani au uliwahi kuwa nayo karibuni, mara nyingi unakataliwa, kitu kinachochochea mishipa kukua hakitakiwi karibu na uvimbe. Macho ndo watu wanasahau: sukari inaotesha mishipa mibovu nyuma ya jicho, na tafiti nyingi zinamtoa mtu mwenye tatizo hilo likiwa hai kwa hofu ya kulichochea. Kwahiyo pimwa retina kwanza, na kliniki isiyokuuliza habari ya macho ujue haijui inachofanya au haijali. Gangrini iliyopanda sana mguuni nayo haifai, tishu iliyokufa haifufuki kwa seli yoyote.

Namna ya kutafuta utafiti wa kweli

Anza na daktari wako wa mishipa, muulize kama kuna hospitali ya chuo kikuu inayoandikisha wagonjwa. Alafu tafuta mwenyewe kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye daftari la Shirika la Afya Duniani linaloitwa ICTRP, andika ugonjwa na neno la seli, chuja zinazoandikisha sasa. Ila kuonekana kwenye orodha siyo kibali cha ubora, tafadhali lishike hili. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kuchomwa seli za mafuta yao wenyewe machoni kwenye kliniki moja Florida, walikuwa wamelipia, na tiba ile ilikuwa imeorodheshwa kwenye ClinicalTrials.gov kama utafiti. Kwahiyo orodha ni mwanzo tu wa kuuliza.

Ukiwapata waulize haya bila aibu, ni mguu wako. Ni kamati gani ya maadili imewapitisha, na mamlaka ya dawa ya nchi imetoa kibali namba ngapi, alafu upige simu huko uthibitishe mwenyewe. Ni hatua ya ngapi ya utafiti. Kuna kundi la plasibo au hakuna, na nikiangukia huko nitapewa tiba gani nyingine. Seli zinatoka kwa nani, zinapimwaje bakteria kabla hazijaingia mwilini. Nikipata madhara nani anagharamia. Mtanifuatilia muda gani, na hapa chini ya miezi sita ni kidogo mno, mwaka ndo unaeleweka. Na swali la hela: kwenye utafiti wa kweli kwa kawaida hulipii kile kinachojaribiwa. Ukidaiwa hela nyingi ya kuchomwa seli zinazoitwa za utafiti, ondoka.

Wengine wa kuwakimbia ni hawa: anayetibu mguu, goti, kiharusi, figo na nguvu za kiume kwa sindano ileile. Anayekwambia acha insulini. Anayekupa seli kwa dripu ya mkononi akisema zitautafuta mguu zenyewe. Anayekataa daktari wako aone karatasi zao. Anayekupa punguzo ukilipa leo. Na anayekuuzia vidonge vya "kuamsha seli shina", hivyo havina ushahidi wowote wa kufungua mguu ulioziba.

Fomu ya ridhaa iombe uende nayo nyumbani, isome na mtu mwingine, hata kama kuisoma kutachukua siku mbili. Walio serious hawatakukatalia.

Ukishachomwa

Mabadiliko hayaji kesho yake. Maumivu ya usiku yanaweza kupungua ndani ya wiki kadhaa, kidonda kinasomwa kwa miezi. Pigia picha kidonda kila wiki kutoka umbali uleule na rula pembeni, na rudia presha ya kidole na oksijeni ya ngozi kwa ratiba waliyokupa, alafu linganisha na zile namba za kwenye daftari. Namba zisipopanda na kidonda kikikua, rudi kwa daktari wa mishipa mapema, usisubiri eti seli bado zinafanya kazi. Homa, uvimbe mpya wa mguu, maumivu makali ya shavu la mguu au ya kifua, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na kuna wakati kukata ndo tiba sahihi, naliandika hili nikijua linavyouma. Kidole kilichokufa kikiondolewa mapema, damu ikiwa imefunguliwa, mara nyingi kinauokoa unyayo. Sumu ikishaingia kwenye damu, kuvuta muda kwa ajili ya sindano ya seli kunaweza kumgharimu mtu maisha. Kabla ya kusaini kukatwa uliza mambo mawili: je damu imeshajaribiwa kufunguliwa, na watakata wapi, maana mtu mwenye goti lake ana nafasi kubwa zaidi ya kutembea na mguu wa bandia kuliko aliyekatwa juu ya goti.

Huku nyuma usiusahau mguu wa pili. Ateri za mguu mmoja zikiziba, za mguu mwingine na za moyo nazo huwa haziko salama, kwahiyo siku unapimwa huu omba wapime na ule, omba na moyo uangaliwe, na kila usiku kagua nyayo zote mbili kwa kioo au kwa jicho la mtu wa nyumbani, katikati ya vidole pia, ukiona lengelenge au ngozi iliyobadilika rangi usisubiri kliniki ya mwezi ujao.